Uludağ, Mlima wa Theluji Juu ya Mji wa Bursa

Bibi mmoja katika wasomaji wetu wa pwani ametuandikia kutaka shauri. Mwanawe yuko Bursa, katika nchi ya Uturuki, anasoma chuo kikuu kwa msaada wa masomo, naye ameleta khabari kwamba wenzake wamekusudia kupanda mlima Uludağ siku za mapumziko ya Januari. Aomba idhini ya wazazi wake na fedha kidogo. Jirani amemwambia Bibi huyo ya kuwa huko ni mahali pa ulevi na ngoma. Baba wa kijana asema baridi ya theluji huua. Na Bibi mwenyewe asema kuwa hajui hata hicho kinachofanywa huko juu ni kitu gani, naye hapendi kumkataza mtoto jambo asilolijua. Maneno haya ya mwisho yametupendeza sana, maana ni wangapi katika sisi hukataza kwanza kisha ndipo wakauliza! Na kwa kuwa vijana wengi wa Afrika Mashariki wako Uturuki kwa masomo, tumeona jibu letu tulitoe hapa, wapate kulisoma na wazazi wengine.

Kwanza yafaa kuujua mji, maana mlima huu na mji wake havitenganiki. Bursa iko kusini ya bahari ya Marmara. Orhan bin Uthman aliutwaa mwaka 1326, ukawa makao makuu ya dola ya Uthmaniya wakati ilipokuwa ingali changa, kabla Istanbul, ambayo wazee wetu wakiiita Stambuli, haijafikiriwa. Msikiti wake mkuu, uitwao Ulu Cami, ulijengwa mwisho wa karne ya 14 katika zama za Sultani Bayezid wa Kwanza. Una makuba 20, na ajabu yake moja ni kuwa birika la kutawadhia liko ndani, katikati ya msikiti, na sauti ya maji husikika wakati watu wanaposoma Kurani. Ukitoka mlangoni ukainua macho upande wa kusini, unauona mlima umesimama nyuma ya nyumba kama ukuta, chini wa kijani na juu mweupe. Mji uko mita mia na kitu juu ya bahari. Kilele cha Uludağ kina mita 2,543.

Ibn Battuta, ambaye alipita Mombasa na Kilwa karibu ya mwaka 1331, alifika Bursa baada ya safari hiyo, siku za Orhan mwenyewe. Katika mambo aliyoyaandika ni chemchemi ya maji ya moto iliyokuwa nje ya mji, na nyumba mbili zilizojengwa juu yake, moja ya wanaume na moja ya wanawake, ambako wagonjwa walikuja kuoga kutoka mbali. Maji hayo ya moto yangali yakitoka hata leo chini ya mlima, upande wa Çekirge, na hamamu zake zingali zikitumika. Basi mtu aliyewaona watu wetu wa pwani, akayaeleza mavazi yao na vyakula vyao, ndiye huyo huyo aliyesimama chini ya mlima huu tunaoulizwa.

Zamani mlima huu uliitwa Keşiş Dağı, maana yake Mlima wa Watawa, kwa sababu kabla ya Uislamu kufika huko palikuwa na nyumba za watawa wa Kikristo. Mwaka 1925 ndipo ulipopewa jina la Uludağ, yaani Mlima Mkuu. Mwaka 1961 serikali iliufanya Hifadhi ya Taifa, na miaka miwili baadaye, 1963, kukafunguliwa gari la kamba, teleferiki, la kuwapandisha watu kutoka mjini. Nalo lilikuwa la kwanza kwa namna yake katika Uturuki. Lile la zamani liliondolewa, na mwaka 2014 likafunguliwa jipya lenye vyumba vidogo vya vioo, ambalo kamba yake ina urefu wa karibu kilomita 9 na hufika mpaka kwenye mahoteli, kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari.

Safari hiyo ya kamba peke yake yatosha kuwa darasa. Chini kuna bustani za matunda. Kidogo juu kunakuja msitu wa miti iangushayo majani yote wakati wa baridi, na kati yake miti ya kestane, ambayo kokwa zake watu wa Bursa huzipika kwa sukari zikawa halua mashuhuri. Ukizidi kupanda miti ile yaisha, na inashika zamu miti mirefu ya jamii ya misonobari isiyopukutika, iliyobeba theluji juu ya matawi yake. Mwisho hata hiyo haiwezi. Hubaki vichaka vifupi vilivyolala chini kwa kuogopa upepo, kisha mawe. Karibu na vilele kuna maziwa madogo yaliyochimbwa na mito ya barafu ya zama za kale, nayo huonekana wakati wa kiangazi tu. Sababu ya mabadiliko haya yote ni baridi. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6 na nusu. Basi siku ambayo mjini pana digrii 8, na watu wanatembea kwa koti jepesi, huko kwenye mahoteli maji yanaganda. Hilo ndilo jambo la kwanza kijana alielewe, kwamba asivae kwa kutazama hali ya mjini.

Na theluji ni nini? Kwetu watu huichanganya na barafu ya friji, lakini si moja. Barafu ni maji yaliyoganda. Theluji huzaliwa ndani ya wingu, mvuke ukageuka kuwa punje ndogo zenye pembe sita, nazo huanguka polepole bila sauti, zikajipanga juu ya ardhi na hewa nyingi katikati yake. Kwa ajili ya hewa hiyo ndiyo ikawa laini kama pamba, na mguu ukazama. Wazee wetu wa misafara walikuwa wakiijua kwa jina lake la hali. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro mwaka 1848 akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani, aliambiwa kuwa ni baridi tu. Mabwana wa jiografia huko London walimcheka Rebmann miaka mingi, wakisema haiwezekani kuwa na theluji karibu na ikweta, ilhali kiongozi wa msafara alikwisha kusema neno la kweli.

Sasa tumjibu Bibi yetu juu ya hicho kifanywacho huko. Mchezo mkubwa ni kuteleza kwa mbao mbili ndefu nyembamba zifungwazo miguuni, ambao Waturuki huuita kayak. Mtu hupandishwa juu kwa kiti cha kamba, kisha hushuka mteremko kwa kujipinda huku na huku ili apunguze mwendo. Ni mchezo wa ustadi, na ghali pia, maana vifaa hukodishwa, mwalimu hulipwa, na kupanda kwa kamba hulipiwa. Anayedhani atajua kwa siku moja atarudi na goti lililoteguka. Lakini jamaa nyingi za Bursa hazifanyi hayo hata kidogo. Huja asubuhi, baba na mama na nyanya na watoto, huketi juu ya kibao kinachoteleza na kushuka kilima kifupi huku wanacheka, hujenga sanamu za theluji, huchoma nyama chini ya miti ya Sarıalan, hunywa chai, na jioni hurudi nyumbani. Kwa rai yetu hao ndio wanaoufaidi mlima kuliko wale waliojifungia hotelini. Kijana wetu ambaye hajapata kuiona theluji katika maisha yake hana haja ya mbao. Kusimama tu na kuishika mkononi kwamtosha siku nzima.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalitambui, nasi twapenda walitambue, maana ndilo lenye uzito kuliko mchezo. Theluji ile ni maji ya watu wa chini. Wakati wa baridi mlima huyaweka, na kuanzia machipuo huyaachilia kidogo kidogo, yakajaza vijito na chemchemi. Katika zama za masultani watu walikuwa wakikata barafu na theluji huko juu, wakaifunga vizuri, wakaishusha kwa nyumbu mpaka bandari ya Mudanya, na majahazi yakaipeleka Istanbul kwa ajili ya sharbati za jumba la kifalme. Evliya Çelebi, msafiri wa Kituruki wa karne ya 17, alipotaka kuusifu mji wa Bursa aliona sifa yake kubwa ni maji yake. Mto Nilüfer, ambao mabwawa yake huunywesha mji huo hivi leo, hutoka katika miteremko ya mlima huu huu. Mwaka 2025 ukame uliyapunguza mno maji ya mabwawa hayo, na watu wa Bursa wakaonja kwa mara nyingine dhiki ambayo sisi tunaijua vema.

Kwa hivyo yanayotendwa juu si mambo ya wateleza peke yao. Kila hoteli inayoongezwa yataka maji, barabara, na mahali pa kumwaga uchafu wake, na kila msitu ukatwao kwa ajili ya njia mpya ya kutelezea hupunguza kivuli kinachoihifadhi theluji isiyeyuke upesi. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria iliyoanzisha idara maalumu ya kuendesha eneo la Uludağ, na sehemu yenye mahoteli na michezo ikatolewa katika hukumu za Hifadhi ya Taifa. Wenye kuiunga mkono walisema mamlaka yalikuwa yamegawanyika katika ofisi nyingi hata hakuna lililotengenezeka. Wenye kuipinga, miongoni mwao watetezi wa misitu wa Bursa, walisema mlango umefunguliwa kwa wajenzi. Sisi tulio mbali si mahakimu wao. Lakini hatuoni vibaya kusema kwamba mlima unaonywesha mamilioni ya watu usiachiwe wenye biashara ya miezi minne. Kijana wa Bibi yetu naye hushiriki kwa mkono wake mwenyewe, maana mfuko wa plastiki alioutupa Januari hufichwa na theluji, na theluji ikiyeyuka Aprili huenda na maji.

Tuje kwenye khofu ya baba, ambayo si khofu ya bure. Baridi huua kweli, lakini humwua zaidi asiyejua. Nguo ya pamba ikilowa kwa jasho au kwa theluji humnyonya mtu joto lake, kwa hiyo yafaa ya sufi ndani, nyingine nzito juu yake, na ya nje isiyopitisha maji wala upepo. Nguo tatu zilizofuatana ni bora kuliko koti moja nene. Soksi ziwe kavu, na jozi ya pili iwe mfukoni. Vidole, masikio na pua ndivyo viponzwavyo kwanza. Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyeupe, lakini katika ngozi nyeusi weupe huo hauonekani upesi. Ngozi hufifia ikawa kama ya kijivu, na mahali hapo hufa ganzi. Likitokea hilo aingie ndani mara moja, atie kiungo katika maji ya uvuguvugu, wala si ya moto, na asikisugue. Kusugua kwa theluji, ambako wengine hukusifu, ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Na mwenzake akianza kutetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka na maneno yake yakawa mazito, basi hapo si mahali pa mzaha: aitiwe msaada upesi.

Macho nayo yana haki yao. Theluji hurudisha sehemu kubwa ya nuru ya jua, na mtu huchomwa kutoka juu na kutoka chini. Weusi wa ngozi haulindi macho. Avae miwani ya giza hata kama kuna mawingu.

Kisha kuna khatari isiyotoka kwa baridi. Usiku wa tarehe 21 Januari 2025, katika mapumziko ya shule, hoteli moja ya Kartalkaya, mlima mwingine wa theluji katika mkoa wa Bolu, ilishika moto wageni wakiwa wamelala. Walikufa watu 78, na wengi katika hao walikuwa jamaa nzima nzima waliokuja kuwafurahisha watoto wao. Waliookoka walisema hawakusikia kengele ya kuwaamsha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Basi yeyote alalaye katika hoteli ya mlimani, kabla hajafungua sanduku lake, atoke ukumbini aitafute ngazi ya dharura, aishuke kwa miguu yake mpaka nje aone kama mlango wafunguka. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, wala asione haya kwa kuonekana mshamba.

Mabinti zetu wako huko pia, na wao wameuliza katika barua za nyuma juu ya mavazi. Buibui refu halifai mlimani. Pindo lake hulowa likaganda, na laweza kunaswa katika viti vya kamba. Wanawake wa Kituruki wenye kujisitiri huvaa suruali pana nzito, na juu yake koti lifikalo magotini, na mtandio ambao ncha zake zote zimeingizwa ndani ya koti, kisha kofia ya sufi juu yake. Stara imetimia na joto limepatikana. Ncha ya mtandio inayopeperuka karibu na kamba inayokwenda ni khatari ya shingo, basi isisahauliwe.

Kuhusu ibada, saa ya Bursa ni sawa na ya kwetu, maana Uturuki tangu mwaka 2016 haibadilishi saa zake, lakini jua lao silo letu. Mwezi wa Januari alfajiri huingia karibu ya saa moja, jua huchomoza baada ya saa mbili, adhuhuri ni baada ya saa saba, alasiri huingia kabla ya saa kumi, na magharibi ni karibu ya saa kumi na mbili. Kati ya adhuhuri na alasiri hakuna hata saa tatu, na hizo ndizo saa tamu za mchezo. Apange mapema.

Udhu ndio unaowatia watu uvivu kwa sababu ya kuvua viatu. Kwa hili sheria imetoa rukhsa nyepesi, nayo ni kufuta juu ya khufu. Katika soko la Bursa huuzwa soksi za ngozi ziitwazo mest, ambazo wazee wa Kituruki huzivaa majira yote ya baridi. Mtu atawadhe kamili, azivae juu ya soksi zake, kisha viatu juu yake. Na akitaka kutawadha tena atavua viatu tu na kufuta juu ya ngozi ile kwa mkono uliolowa. Mkaazi ana muda wa mchana na usiku wake, msafiri siku tatu na masiku yake. Viatu vigumu vya kutelezea, ambavyo mtu hawezi kutembea navyo hatua kumi sawasawa, asivitegemee kwa kazi hii.

Na je, kutayamamu kwa sababu ya baridi? Amri bin Al-As (R.A.) katika vita vya Dhatus-Salasil, mwaka wa 8 wa Hijra, aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuangamia kama ataoga, akatayamamu na kuwasalisha wenzake, na Bwana Mtume (S.A.W.) alipoelezwa sababu alicheka wala hakumlaumu. Lakini Amri alikuwa jangwani. Mahoteli na misikiti ya Uludağ ina mabomba ya maji ya moto, na hoja ya baridi haisimami penye maji ya moto.

Limebaki neno la jirani. Ni kweli kwamba baadhi ya mahoteli huuza ulevi na hupiga ngoma usiku, khasa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Lakini mlima haukufanya hayo, wala jamaa zile zinazochoma nyama Sarıalan hazina khabari nayo. Kilichomo ni marafiki gani anaokwenda nao na kama watalala. Rai yetu ni kwamba Bibi amruhusu mwanawe, kwa sharti kwamba aende kwa siku moja, na wenzake anaowajua, na arudi mjini jioni. Hapo fedha itakayotakiwa ni ya teleferiki, chakula, na labda kukodi buti. Na neno la hoteli linaondoka lenyewe pamoja na gharama yake.

Apande asubuhi kwa gari la mapema, kabla ya msongamano wa siku ya Jumamosi na Jumapili, au bora zaidi achague siku ya katikati ya juma. Aulize saa ya gari la mwisho la kushuka na kuiandika. Upepo ukiwa mkali teleferiki husimamishwa, basi asingoje kamba iliyosimama huku usiku unaingia. Kuna magari madogo ya abiria, dolmuş, yanayoshuka kwa barabara mpaka mjini, kiasi cha kilomita 35 za kona, nayo huondoka yanapojaa.